Simu ya Shangazi

Jirani amewasha makaa ya mawe kwenye jiko lake la chuma, na moshi wake mzito umenirudisha kwenye treni ya zamani ya mvuke, huko mashambani Kentucky, Marekani, nikiwa na miaka tisa.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyetupeleka matembezi. Tulikuwa na majuma machache tu tangu kutoka kambi ya wakimbizi, tulikokimbilia vita. Treni ilipopiga honi, Mama alijitupa chini kati ya viti, akanifunika kwa mwili wake. Shangazi akatoa simu, akamrekodi huku akicheka.

“Muone wifi yangu! Bon, haya, kesho kanisani watacheka mpaka walie.”

Mama alijipangusa masizi magotini.

Baadaye tulitembea kando ya mto. Shangazi aliiacha simu kwenye benchi, akaenda kununua aiskrimu. Niliichukua, bado ina joto la mkono wake, nikaitupa katikati ya maji. Nilisikia utamu ambao mpaka leo sijautubu.

“Simu yangu iko wapi?” Shangazi alipiga kelele.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alinitazama, kisha akapiga magoti kwenye nyasi.

“Tutafute, wifi,” akasema, na akatafuta kwa bidii kuliko sisi wote.