Mama Mkwe Alipogoma Kula

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kufanya jambo kimyakimya. Alipoamua kufa, aliwatangazia majirani wote.

Tulikuwa tunaishi Bahati, kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba la pareto la mzungu mmoja, miaka ya hamsini ikielekea kwisha. Baba mkwe alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua. Wageni wa matanga walipokwenda zao, mama mkwe alipanda kitandani, akalala upande wake kama kawaida, akajifunika blanketi.

"Mzee amenitangulia," akasema. "Sasa mimi nikule ya nini? Msinisumbue na uji."

Mgonjwa hakuwa. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amenigombeza kwa namna nilivyofagia. Kwa hiyo mwanzoni nilicheka, nikadhani njaa itamrudisha. Haikumrudisha. Nilianza kuogopa, maana nilimpenda mama yule mwenye ulimi wa upupu. Watu hudhani mke na mama mkwe lazima wawe paka na panya, lakini mimi nilimpenda, na nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mume wangu naye, kama wanaume wengi penye huzuni, alipata ghafla kazi nyingi sana ya trekta.

Nikamwita mwalimu wa kanisa. Alikaa kwenye kigoda akamweleza mama kwamba uhai ni mali ya Mungu, sisi ni walinzi tu, na mlinzi haondoki kabla mwenye mali hajamruhusu.

"Na yule mwenye nywele ndefu kwa Biblia?" mama akauliza kutoka ndani ya blanketi. "Si alijiangushia nyumba yeye na maadui wake? Na bado mnamsifu kanisani."

Mwalimu alikuna kichwa. Akasema ataenda kulitazama neno hilo vizuri. Kabla ya kuondoka alikunywa uji niliokuwa nimemmiminia mgonjwa.

Akaja jirani yetu Mkipsigis na kibuyu chake cha maziwa. Yeye alisema mtu hajimiliki, ni wa watoto wake na ng'ombe wake. "Ukienda, nani ataangalia hizo ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?" mama akajibu. "Mzungu alitukataza kufuga. Muulize yeye."

Wa tatu alikuwa mzee mmoja, rafiki wa marehemu. Aliketi, akala irio yote, viazi na mahindi niliyokuwa nimeponda, akapangusa ndevu, ndipo akasema, "Muachane na yeye. Mtu mzima anajua uzito wa mzigo yake. Akichoka anaweka chini." Nilitamani kumtoa nje na kigoda chake.

Mama alifurahia mabishano hayo kuliko alivyokubali kukiri. Lakini uji ulizidi kunywewa na wageni, na sauti yake ikazidi kufifia. Siku moja nilifagia vibaya makusudi, nikaacha majani mlangoni, nikangoja. Hakusema kitu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Niliporudi nilichuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, kama hii mimba ni msichana, nitamuita nani?"

"Si unajua? Mimi."

Alisema kweli. Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mume, na mvulana wa kwanza jina la baba wa mume. Mtoto hasemwi kuwa amepewa jina tu. Husemwa kuwa ni yule mtu mwenyewe amerudi.

"Na mtu akijitoa mwenyewe duniani," nikauliza, "jina yake inapewa mtoto?"

Blanketi likatulia. Alijua jibu kuliko mimi. Wazee walisema jina la namna hiyo halirudishwi, lisije likarudi na huzuni yake.

"Basi nitamuita mama yangu," nikasema.

Mama yangu alikuwa anaishi Mau Narok. Tangu siku ya mahari, yeye na mama mkwe walikuwa wamenuniana kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyesemekana kuwa amekonda. Isitoshe, mama yangu alikuwa na mazoea ya kutuletea viazi vikubwa na kukaa akingoja visifiwe.

Blanketi likafunuka.

"Yule wa viazi?"

"Nitafanya nini, mama?"

Akaketi kitandani. "Leta hiyo uji."

"Imepoa."

"Leta hivyo hivyo!"

Leo mimi ni mzee kuliko yeye alivyokuwa, na desturi ile ningeibishia. Nimewajua watu waliozidiwa na huzuni, na sioni kosa la majina yao. Huzuni nayo ni ugonjwa kama kile kifua. Lakini siku ile sikuwa natafuta ukweli, nilikuwa namtafuta mama mkwe wangu, na ningemtisha hata kwa simba.

Mvua iliporudi nilijifungua. Yeye ndiye aliyenizalisha, akinigombeza toka uchungu wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha akapiga vigelegele, na kwetu vya msichana ni vitatu. Vilipofika vitatu hakunyamaza. Aliendelea hadi vitano, na vitano ni vya mvulana.

Akamwinua mtoto karibu na moto, akamkagua masikio na vidole. Akamwita kwa jina la mumewe.

"Mzee," akamwambia, "kumbe ningekufuata, tungepishana kwa njia."

Ndipo akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna mtu aliyemnyamazisha.