Kaptula ya Maua

Mwaka wa tisini na nne, Mama Aoko wa Usenge, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, mpaka mgongo ukakataa, alipangiwa starehe. Mkwewe Kangethe, mfanyabiashara wa Kisumu, alimletea picha za Thailand.

"Mama, wewe na Mzee mtapumzika tu. Mimi na binti yako Lornah tutalala nanyi kwenye nyumba hii ya ufuoni."

Aoko aliitazama picha kama omena iliyonyeshewa ikaoza. Choo kimoja. Pazia badala ya ukuta. Nje, wanaume wazima wakiwa na chupi tu.

"Nilale nyumba moja na mkwe? Nikusikie ukikoroma?" Akatoka nje kutema mate. Tangu Lornah aolewe, Aoko hakuwahi kulala kwa mkwe hata siku moja. Mila ni mila.

Kangethe aliomba radhi, akaapa kwamba yeye atabaki Kisumu. Aoko akaanza kupoa.

Ndipo mumewe, Mzee Gordon, alipotoka chumbani kifua wazi, tumbo limening'inia juu ya kaptula fupi ya maua. "Mama Lornah, si imenikaa?"

Kangethe alijifunika uso kwa picha.

"Mpeleke huyu," Aoko alisema. "Na usimrudishe."