Ufunguo wa Upepo

Ukimwangalia Sindano kwa ubavuni, usipokuwa makini unaweza kusema hayupo. Mtu mwembamba hivyo sijapata kuona, na shida zake zote zimeanzia hapo. Lori la zege lina lile pipa kubwa mgongoni, na zege likigandia ndani halitoki kwa maji. Lazima mtu apenye kidirisha cha ubavuni na nyundo ya upepo, akabomoe pande moja moja. Wanaume wengine wa yadi wakiingiza kichwa, mabega yanagoma. Sindano anapita kama barua.

Kazi alitafutiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye msimamizi. "Miezi mitatu tu, shemeji. Tukipata mwembamba mwingine nakutoa." Huu ni mwaka wa tisa. Sindano kajaribu hata kunenepa. Alikula miezi miwili kama analipwa, akanenepa paka aliyekuwa anamalizia mabaki. Aache kazi? Amwambie nini mkewe, kwamba kazi ya kaka yake haimfai? Kila Jumapili kaka anasifiwa mezani, Sindano anatafuna tu.

Na kuna jambo alikuwa hajamwambia mtu. Nyundo ile inatetemeka kutwa nzima, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi. Jioni vinapauka, kikombe anakishika kwa macho. Vifungo vya shati anafungwa na mkewe, na mama wa watu anadhani ni mapenzi. "Umejifunza kudeka ukubwani," anamtania. Naye anadeka. Afanyeje?

Si kwamba alikuwa mzembe. Kabla ya kuingia anachukua ufunguo wa lori, anautia mfukoni, asije mtu akalizungusha pipa naye yumo. Masikio kaziba, miwani kavaa. Ila upepo ndio walikuwa wanauchezea. Ukitaka kubadilisha patasi ya nyundo, unatakiwa ufunge koki kule kwenye kompresa, ile mashine inayosukuma upepo, ubonyeze nyundo mpaka upepo uliobaki uishe, ndipo uguse. Lakini kompresa iko nyuma ya stoo, na nani atembee? Basi Sindano anagonga pipa mara mbili, na shemeji huko nje anaukunja mpira wa upepo, anaukalia mpaka agongewe tena. Walikuwa wanakiita kiti cha msimamizi.

Siku moja akagonga, shemeji akakaa. Ndani, Sindano kailaza nyundo mapajani, anahangaika na patasi butu. Simu ya shemeji ikaita. Bosi. Na shemeji, tangu nimjue, hajawahi kuongea na bosi akiwa amekaa. Akainuka, mpira ukakunjuka, akaweka kola sawa, "Naam, mzee!"

Patasi ilichomoka kama risasi. Ikapita sikioni, ikagonga chuma, ikarudi, ikagonga tena. Mle ndani utakimbilia wapi? Sindano alijikunja, akafumba macho, akaiachia iamue yenyewe. Ikatulia katikati ya miguu yake.

Alitoka kidirishani na patasi mkononi. "Umeinuka!"

"Bosi kapiga, shemeji. Nimjibu nimekaa?"

"Ungeniua!"

"Nisamehe, nimekosa. Lakini nyundo haipigi bila kubonyezwa. Nani kabonyeza?"

Sindano akakitazama kidole chake. Bado kilikuwa kimejikunja, kama kimeshika kitu.

"Sikuhisi," akasema.

"Hukuhisi nini?"

"Kidole. Sikujua kama kiko pale. Ni tangu mwaka juzi."

Shemeji akatupa jicho upande wa ofisi, akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Dada yangu?"

"Hajui."

"Basi iishie hapa hapa. Wakijua, wewe unaondoka, na mimi niliyekalia mpira nakufuata."

Miaka miwili Sindano alijua siku akisema tu, atatolewa. Kumbe amesema, na sasa kwenye pipa wamo wawili.

"Basi nitilie kufuli kwenye koki," akasema. "Na ufunguo nikae nao mimi, kama wa lori."

Shemeji alikubali kabla hajamaliza. Kufuli hupatikana dukani, mwembamba hapatikani. Sasa kila patasi ikiwa butu, Sindano anatoka, anakwenda nyuma ya stoo, anafunga koki na kufuli, anarudi, anabonyeza mpaka nyundo iishiwe pumzi. Halafu anakiondoa kile kidole kwenye nyundo kwa mkono wa kushoto, huku anakiangalia. Kazi inachelewa, na shemeji hasemi neno.

Asubuhi ya kwanza, mkewe alimaliza vifungo, akaona ufunguo wenye kamba mkononi mwa mumewe.

"Huu ufunguo wa nini?"

"Wa upepo."

"Upepo nao unafungiwa!" Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Kaka yangu huyo, kwa mipango!"

"Nifungie shingoni. Fundo langu linafunguka."

Akafunga mafundo mawili, akavuta kuhakikisha, akampigapiga kifuani. "Haya, nenda. Umsalimie kaka."