Wifi Yangu Mpiga Pasi na Sikio Langu la Kulia

Wifi yangu ni mpiga pasi. Tangu usichana wake amesimama mbele ya meza ndefu ya dobi, akinyoosha mashati ya watu wasiomjua hata kwa sura. Wenzake wanamwita Mvuke. Ni dada mkubwa wa mwanamume aliyekuwa mume wangu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea yule mwanamume kwa jasho la pasi, akamtafutia kazi, kisha akaja kwetu kuniposa kwa niaba yake.

Na yule mwanamume alipooa mke mwingine, akaniacha na nguo zake chafu kwenye ndoo, wifi huyo huyo ndiye aliyepika kwenye sherehe. Hilo sitalificha. Watu waliniletea habari kwamba alikuwa jikoni tangu alfajiri, mwiko mkononi, akionja mchuzi. Kwa muda mrefu, nikimwona mbele yangu barabarani, nilivuka upande wa pili.

Kisha bi harusi akamchoka wifi, aliyekuwa akiishi nao. Alisema nyumba ni ndogo na wifi anakohoa sana. Kaka mtu akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza. Jioni moja nilifungua mlango nikamkuta wifi amesimama na begi moja, na pasi yake ameiviringisha ndani ya taulo. Hakuomba radhi. Aliuliza tu kama nina mahali pa kutandika godoro. Nikampa pale mlangoni, panapopita upepo, na nikamwambia asizoee.

Alikuwa bado hajazoea, ndipo sikio langu la kulia likaanza kuuma. Maumivu yalikuwa ndani kabisa, kama mtu anasukuma msumari butu, yakipanda kwenye kipaji cha uso na kushuka shingoni. Nikipiga miayo, machozi yananitoka. Mimi hushona mapazia kwenye karakana, na ilifika mahali mlio wa cherehani ukawa unanipiga kama nyundo. Lakini kilichonitisha zaidi ni mama yangu. Alikufa kiziwi, na kwake pia ilianza na maumivu. Binti yangu anafanya kazi mbali, tunaonana kwa sauti tu, kwenye simu. Sauti hiyo ndiyo kitu pekee ambacho yule mwanamume hakuondoka nacho. Niliona sasa nayo inaniponyoka.

Nikafanya kila nililoambiwa. Jirani alinitilia mafuta ya uvuguvugu. Nilinunua dawa ya matone bila mtu kunipima. Mwisho nikaanza kuchokonoa kwa kibanio cha nywele. Wifi akanikuta, akakichukua kile kibanio, akakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake, akaniuliza kama kuna kitu nimedondosha humo ndani. Kesho yake alimwambia tajiri wake kwamba mashati yatangoja, yeye ana mgonjwa. Njia nzima hadi zahanati nilikuwa nikijisemea kwamba wema wote huu ni wa kulipia godoro.

Daktari alikuwa kijana, na kola ya koti lake ilikuwa imekunjamana. Wifi aliitazama kola ile mpaka nikaona aibu. Daktari aliniuliza kama nimekuwa na homa, mafua, kizunguzungu, au usaha kutoka sikioni. Hapana. Akalivuta sikio taratibu, akalimulika ndani. Alisema ngozi imechubuka, na akataka kujua ni nani alikuwa akichimba kisima humo, lakini ngoma ya sikio ilikuwa nzima. Akanieleza kwamba kwa mtu mzima sikio huumizwa na mengi. Pengine ni nta iliyoziba, pengine maji yamebaki humo na ngozi ikavimba, pengine usaha umejaa nyuma ya ngoma baada ya mafua. Na mara nyingine sikio halina kosa lolote, maumivu yametumwa kutoka kwenye jino, koo au taya. Akagonga meno yangu moja moja, akanimulika kooni. Hakuona kitu. Ndipo akauliza kama huwa nasaga meno.

Nikasema sina tabia hiyo.

"Daktari, huyu anatafuna mchana kutwa," wifi akasema pale alipokaa.

"Anatafuna nini?"

"Kaka yangu."

Kijana wa watu akaacha kuandika. Wifi akamweleza kwamba tangu ahamie kwangu amekuwa akinitazama. Nikipika, nikikunja nguo, nikikaa tu, taya langu limekazwa na msuli unaruka karibu na sikio. Akitajwa yule mwanamume, unaruka kama chura. Tena nakata nyuzi kwa meno, upande ule ule wa kulia, ilhali mkasi uko mezani. Hasira zilinipanda, nikataka kumjibu, na papo hapo nikasikia meno yangu yamegandana kama mlango uliotiwa komeo. Daktari akaweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue mdomo. Pakalia *ka*, na maumivu yakawa pale pale.

Akasema sikio halina kosa, ni kiungo cha taya kilichochoka kwa kukazwa. Alinipa dawa ya kumeza ya kutuliza maumivu, kwa muda mfupi. Nile vyakula laini, nisitafune ubani, nisikate uzi kwa meno, niweke kitambaa cha uvuguvugu shavuni, na midomo ikifungwa meno yasigusane. Nikiona usaha, homa, uvimbe nyuma ya sikio, au nikianza kutosikia, nirudi haraka. Nilimuuliza kuhusu mama yangu. Akasema ya mama ni ya mama. Kwangu hakuona uziwi.

Tangu siku hiyo wifi akawa askari wa taya langu. Akinitazama na kugonga meza kwa kidole, najua nimeanza tena kutafuna. Kila jioni ananipashia kitambaa kwa pasi ile ile, anakijaribu kwanza kwenye shavu lake, ndipo ananipa. Siku moja, kitambaa kikiwa shavuni, nilimuuliza kwa nini alipika kwenye ile sherehe.

"Niliona nikikataa atanisahau," akasema. "Nikapika. Akanisahau vile vile."

Nilisogeza godoro lake kutoka mlangoni, likawa karibu na langu.

Maumivu yalipungua polepole, siku nyingine yakirudi, mpaka nikaweza kula mkate bila kuuloweka. Kisha Jumapili moja yule mwanamume akaja kudai kabati aliloliacha. Nilisikia sauti yake uani, na taya likaanza kazi yake. Wifi akaweka pasi chini, akatoka, akasimama katikati ya mlango.

"Kaka, rudi kwako," alimwambia. "Huyu mgonjwa wangu kakatazwa kukaza taya, nawe unaniharibia dawa."

Kaka mtu akalalamika kidogo, kisha nikasikia viatu vyake vikienda. Yeye sijamsamehe, na sina mpango huo. Lakini simu ilipoita jioni ile niliiweka kwenye sikio la kulia. Binti yangu akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia shangazi yake yupo, anapiga pasi, na amsalimie kwanza yeye.