Mtani Wangu Alificha Kijiti, Msumeno Ukanila Mkono

(Aliyetuletea haya yuko Tabora. Jina lake linabaki hapa mezani petu. Yeye anataka akili zenu tu.)

Wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mnyamwezi, nina mke na watoto. Nilikuwa fundi wa msumeno katika kiwanda cha mbao upande wa Bukene mpaka kiangazi hiki, msumeno uliponikata mkono wa kulia. Kimebaki kidole cha mwisho tu, nacho hakikunjiki. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zinalewa msinicheke. Au chekeni tu, mimi kulia nimeshachoka.

Situlii jamani. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, naenda mpaka sokoni narudi mikono mitupu, wala sikuwa na cha kununua.

Nilipolazwa hospitali ya Kitete, mwenye kiwanda alimtuma karani wake. Eti nitapewa bakshishi, nitie dole gumba kwamba sidai tena, yaishe. Nikamwuliza, “Dole lipi, bwana? Lile lililobaki kwenye unga wa mbao?” Akanijibu bila haya kwamba hata la kushoto linafaa. Hebu fikirini!

Mke wangu akawaka. Akanivuta mpaka kwa wakili mmoja wa Kihindi hapo Kanyenye. Wakili akasema sheria ipo, aliyelemazwa kazini anadai fidia yake, na msumeno ule ulikuwa haramu kwa kukosa kifuniko. Moyo ukanitulia kidogo. Ndipo akasema, “Lakini kortini utaapa. Watakuuliza kwa nini ulisukuma mbao kwa mkono. Kijiti cha kusukumia kilikuwa wapi?”

Nikaaga, nikamwambia nitarudi Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

Kijiti alikuwa nacho mtani wangu, Mzigua niliyekuwa nashika naye kazi kwenye msumeno uleule. Utani wetu ni wa tangu babu zetu walipopita kwao na misafara ya pembe kwenda pwani. Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki, unakikomboa. Asubuhi ile alikificha kijiti, akaniambia, “Wewe mbeba mizigo, leta tumbaku nikurudishie.” Tumbaku ninayo mfukoni! Lakini nimpe ya nini, anishinde mbele ya watu? Nikamwambia, “Kaa nacho, mtumwa wangu, nitakupasulia mbao kwa mkono.” Watu wakaangua kicheko. Nikasukuma.

Sasa nikimtaja, atafukuzwa kazi, na polisi wakitaka watamfunga. Ana watoto kama mimi. Na tangu lini mtu akamshtaki mtani wake? Nikisema kijiti hakikuwapo, nimeapa uongo mbele ya Mungu. Nikitia dole kwa karani, basi mke wangu atalima peke yake mpaka azeeke, na binti yangu Zena ataacha shule.

Mke wangu haelewi. “Baba Zena, huo utani wenu utatulisha?” ananiuliza. “Mkono umekatwa wako, aibu unaona wewe! Mtaje!” Namjibu kwa ukali, kisha naona haya, kwa sababu jembe analo yeye.

Jumamosi mtani wangu akaja. Nilimngoja anitukane. Sisi hata msibani hutukanana, mtani anaweza kulala kwenye jeneza la mwenzake akidai apewe kitu ndipo atoke. Nilimtamani sana anitukane. Badala yake akaniamkia kwa upole, “Pole, ndugu yangu,” kana kwamba hatujuani. Akakitoa kijiti ndani ya kanzu, akakiweka mkekani mbele yangu.

Nikamwambia, “Mzigua, mbona hudai tumbaku yako?”

Akainamisha uso. “Nenda kwa wakili ukanitaje,” akasema. “Nitakuja mwenyewe kusema nilikificha.” Akaondoka hata maji hakunywa.

Wasomaji, kijiti kiko hapa karibu nami ninapoandika, na Jumatatu ile inakaribia. Ruhusa amenipa, lakini naona ndiyo iliyonifunga zaidi. Niingie kwa wakili nikamtaje, au nimpe karani dole langu la kushoto? Nipeni shauri upesi, wenye watani na msio nao. Tumbaku yake bado ninayo mfukoni, sijui hata kama nimpelekee.