Dada wa Ng'ambo na Moto wa Jirani

Soko letu liko ng'ambo kidogo ya Sotik, pale mashamba ya chai ya Wakipsigis yanapokutana na migomba ya Wakisii. Sisi tulikuwa Wakisii wa upande wa Wakipsigis. Marehemu baba alinunua kipande cha ardhi pale kabla sijazaliwa, na mimi sikujua kuwa sisi ni wageni mpaka tulipochomewa nyumba. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, na sitaki mtu aniletee hadithi ya nani alianza. Nimeisikia mara nyingi mno, na kila mtu huianzia mahali panapomfaa.

Tulikimbilia kwa wajomba huko Kisii. Mama hakulilia nyumba wala ng'ombe. Aliuliza jambo moja tu, tena na tena: "Na yule mama, alikuwa wapi?"

Yule mama ni jirani yetu Mkipsigis, ambaye shamba lake na letu lilitenganishwa na ua wa miti tu. Mama ndiye aliyempokea kifungua mimba wake, usiku wa mvua ambao gari halingeweza kupita. Walichuma chai pamoja. Kila asubuhi Mama alimsalimu kwa Kikipsigis, naye akaitikia kwa Kikisii, wakachekana matamshi. Siku ya moto, mlango wake ulibaki umefungwa.

Fujo ilipotulia, pasta wetu alitangaza kwamba mji mmoja wa Ulaya umelichagua soko letu liwe dada yake. Watatuletea mabati, misumari na saruji, lakini kila nyumba ijengwe na watu wa pande zote mbili. Baraza likaitwa. Aliyetumwa na mji huo alikuwa bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe, sweta imefungwa vifungo mpaka shingoni. Pasta alipotafsiri kwamba miji hii sasa ni dada, mzee mmoja aliuliza nani ndiye dada mkubwa, na ng'ombe wa mahari yake walikwenda kwa nani. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, na ilikuwa muda mrefu sijacheka.

Yule bibi alipoelezwa, hakucheka. Alisema alipokuwa mtoto mji wao ulibomolewa wote kwa mabomu ya ndege. Waliokuja kuwasaidia kuujenga walitoka katika nchi ileile iliyozituma ndege. "Huyo ndiye dada yetu wa kwanza," pasta akatafsiri, na sauti yake ikashuka.

Mama alisimama. "Mwambie huyo mama nimeshukuru sana. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Dada wa ng'ambo nimepewa. Wa hapa ndiye sina." Jirani alikuwa ameketi kati ya wanawake wa upande wake, akiangalia viatu vyake.

Nyumba yetu ilijengwa. Jirani alikuja kila siku kubeba maji na kukanda udongo wa kuta. Yeye na Mama walisalimiana kwa Kiswahili tu, "Habari", "Mzuri", kama watu waliokutana kwa foleni ya chifu. Mabati yakapigiliwa, tukapigwa picha, wageni wakaenda zao. Mama akakataa kuhamia.

Mimi nilikasirika wazi wazi. Nilikuwa nimechoka kulala sakafuni kwa watu. "Mabati iko, mlango iko. Si useme basi unataka nini?"

"Nyumba haina moto," akasema.

Kwetu sisi, na hata kwa majirani zetu, moto wa kwanza wa nyumba mpya hauwashwi kwa kiberiti. Jirani huchota makaa katika meko yake, akayaleta juu ya kigae cha chungu, na hapo ndipo unajua umekaribishwa. "Nikiwasha mwenyewe," Mama akasema, "nitakuwa nimejikaribisha mwenyewe. Siwezi kuishi hivyo tena."

Basi tukangoja, tukishinda pale mchana na kurudi kwa wajomba jioni. Hatimaye jirani akaja. Hakubeba kigae. Alimpa Mama kiberiti kipya kwa mikono miwili, akageuka, akaenda.

Mama alikiangalia kile kiberiti. "Hiki ni cha kumpa mpita njia," akasema, akaanza kufunga vitu vyake. Alisema tunarudi Kisii, na safari hii moja kwa moja, shamba liuzwe. Nikamwambia, kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kumwonyesha, kwamba hatauza shamba la baba kabla ya kumwuliza yule mama usoni.  Mama akaokota kigae, akatangulia.

Tulimkuta jikoni, sufuria ya maziwa iko motoni. Mama alisimama mlangoni. "Nimekuja kuomba moto."

Jirani hakuinuka. "Huu siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Kijana wangu alikuwa na wao siku ile. Kijinga cha moto walichochomea nyumba yako alikitoa hapa." Akaonyesha mafiga. "Mimi nilikuwa nimeketi hapa hapa. Nilimwona akikitoa, nikanyamaza. Sasa nitakuleteaje moto huuhuu?"

Kijana huyo ndiye yule kifungua mimba ambaye Mama alimpokea. Nilitaka kuipindua ile sufuria. Nilitaka kupiga mtu. Mama aliipua maziwa polepole, akayaweka kando.

"Uzime," akasema.

"Huu haujawahi kuzimika tangu niolewe hapa. Kila usiku naufunika na majivu."

"Najua. Uzime."

Jirani akachukua maji, akaumwagia yeye mwenyewe. Moshi ukajaa, tukakohoa wote watatu. Mama akatoa kile kiberiti kwenye leso, akampa. Njiti zikamvunjikia mkononi, moja baada ya nyingine, mpaka Mama akamshika kifundo cha mkono, wakawasha pamoja. Walikuwa wakilia, na hakuna aliyembembeleza mwenzake. Tukangoja kuni zishike, zifanye makaa, kisha jirani akayachota kwenye kigae, akayaleta kwetu.

Mama hakusema amesamehe. Mimi yule kijana sijamsamehe mpaka leo, na sidanganyi mtu. Lakini usiku huo Mama alilala nyumbani kwake.