Ubatizo wa Maji Matamu

Hapa Junju kuna ziwa. Nimelijua hilo kutokana na bango la wauza ploti, kwa maana sisi wakazi tulikuwa tukiliita lambo tu: shimo lililochimbwa kuzuia maji ya mvua, limezungukwa na miiba na mavi ya mbuzi. Bangoni limepakwa rangi ya samawati, na mzungu mmoja anapiga kasia katikati. Kiangazi, mzungu huyo angekwama kwenye tope na mtumbwi wake hadi masika. Lakini watu wa Mombasa wanazinunua hizo ploti, tena kwa kushukuru.

Ningecheka nikapita zangu, isipokuwa mama yangu naye alikuwa na haja na ziwa. Mama alikuja kuishi kwangu kutoka bara miguu ilipoanza kumkatalia. Daktari alimwambia wazi kwamba itafika siku ambapo miguu hiyo haitambeba tena. Akaipokea habari hiyo kwa utulivu, kisha akatangaza kwamba kabla ya siku hiyo anataka kubatizwa upya. Azamishwe mwili mzima, na aingie majini kwa miguu yake mwenyewe. Ule ubatizo wa utotoni, wa kunyunyiziwa maji kipajini, aliuita kuloweshwa nywele.

Kanisa letu hubatiza baharini. Bahari iko karibu, ni kubwa, ni ya bure, na haina kamati. Mama akapelekwa kuiona. Akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Hii si maji," akasema. "Sabuni haitoi povu kwa hii. Kama inashindwa na soksi, itaweza dhambi zangu?"

Mchungaji, aliyeyasomea mambo haya chuoni miaka mitatu, akachovya kidole chake naye, akalamba.

Basi kazi ya kutafuta maji matamu ikawa yangu. Mto una mamba, nao hawatofautishi muumini na kitoweo. Hoteli moja ilikubali kutuazima bwawa lake la kuogelea, kwa sharti kwamba Mama avae vazi la kuogelea. Sharti hilo sikuthubutu kulifikisha nyumbani. Likabaki lambo.

Lambo lina sheria moja: hakuna kutia mwili. Wengi bado wanakunywa maji yale. Mtu huchota akiwa ukingoni, na ng'ombe hunyweshwa kando, kwenye hori ndefu ya saruji inayojazwa kwa ndoo. Watu huingia kiangazi tu, siku ya kuzoa tope, na kila nyumba inayochota sharti itoe mtu. Sisi watu wa bara, kwa akili zetu nyingi, hatukuwahi kwenda. Tulikuwa tukituma kreti ya soda. Tulidhani huo ni ukarimu, na kila mwaka tulishangaa mbona hatushukuriwi.

Shamba lenye lambo ni la mzee mmoja Mwislamu, ambaye ukoo wake umelimiliki kabla bara letu halijatuma mtu huku. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisikiliza barazani kwake hadi mwisho.

"Mwanangu, nimekufahamu," akasema. "Mamako hana makosa. Lakini nyinyi watu wa soda, tope letu mwalionea kinyaa, na leo mwataka kuoga kwenye maji yetu ya kunywa? Hilo haliwi."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia Mama kwamba yule mzee ana roho mbaya. Mama akaniuliza tope linazolewa lini.

Siku ilipofika, alikwenda. Akaketi kwenye kigoda ukingoni, akawa anapokea karai la tope kutoka kwa aliye chini na kumpa aliye juu, tangu asubuhi hadi adhuhuri, miguu imemvimba. Mimi nilisimama kando nikiona haya, nikingoja mtu anionee huruma. Hakutokea. Nikavua viatu nikaingia. Mzee alikuja, akatazama, akaenda zake.

Mvua ziliponyesha na lambo kujaa, mzee akatuma ujumbe. Sheria ni ile ile, mwili hautiwi lamboni. Ila hori ni mali yake, na Jumapili ng'ombe wake wanaweza kungoja kidogo.

Niliona tumetukanwa. Mama yangu mzazi, abatizwe panaponywea ng'ombe! Nikasema tukatae.

"Bwana Yesu alilazwa kwa hori," Mama akasema. "Mimi ni nani nichague?"

Mchungaji akauliza brashi ya kusugulia iko wapi.

Jumapili tuliisugua hori, tukaijaza ndoo kwa ndoo. Mama aliukataa mkono wangu. Akashika ukingo, akavusha mguu mmoja, na baada ya muda mrefu sana, wa pili. Kwaya iliishiwa na beti, ikaanza upya. Shida ikawa kipimo, kwani fundi wa hori hakuwa amemuwaza mama wa bara. Mchungaji akikizamisha kichwa, miguu inachomoza. Akiisukuma miguu, kichwa kinatoka kikiwa na maoni. Mimi, ambaye kanisani nilikuwa nikienda kumsindikiza tu, nikaingia na gauni langu la Jumapili, nikaikandamiza ile miguu kwa mikono miwili. Ilikuwa mizito, baridi, na migumu kuliko nilivyowahi kujua. Niliogopa kweli. Nyuma yangu ng'ombe walikuwa wakilalamika.

Akaibuka akikohoa.

"Nimezama mzima?"

"Mzima, Mama."

"Hata miguu?"

"Hata miguu. Nimeishika mwenyewe."

Akaitazama pale ilipokuwa, chini ya maji, mikono yangu bado iko juu yake.

"Basi sasa ikikataa," akasema, "ikatae."